Adapta ya Bomba na Ndala

Katika upigaji picha za anga kwa simu, adapta ni kiunganishi kinachoishika simu mbele ya kioo cha jicho, yaani kile kipande kidogo cha darubini ambacho mtazamaji hukisogelea kwa jicho, na kazi yake ni kuuondoa mkono wa binadamu, ambao hutetemeka hata mwenyewe akibana pumzi. Nadharia hiyo ni nyepesi, na wepesi wake ndio huwaponza mafundi wa nyumbani.

Balaa huanzia dukani. Shina la kioo cha jicho aghalabu huwa na kipenyo cha inchi moja na robo, sawa na milimita 31.75, na fundi aliyekwisha kulipima kwa makini hununua bomba la plastiki la kipimo hicho, bila kukumbuka kwamba shina hufichwa ndani ya darubini, na kwamba kinachobaki nje cha kushikwa na adapta ni kichwa cha kioo, ambacho kila kiwanda hukipa unene kinaoupenda. Hapo hulazimika kununua bomba pana zaidi, na pengo linalobaki huzibwa kwa pete iliyokatwa kwenye ndala, na mwenye ndala huwa wa mwisho kuarifiwa.

Hufuata suala la duara la mwanga, yaani mahali ambapo miale yote hukusanyika nyuma ya kioo cha jicho. Darubini yenye lenzi kuu ya milimita 70, ikikuza mara 28, hutoa duara la milimita 2.5 tu, na kamera isipolilenga barabara huonyesha giza. Simu yenye kamera tatu huongeza dhihaka, kwa kuwa programu yake inaweza kuhamia kamera nyingine bila kuomba ruhusa, ikapiga picha safi kabisa ya ukuta wa bomba.

Mwaka 1840, huko New York, John William Draper alilianika bamba lake la picha mbele ya Mwezi kwa takriban dakika 20. Fundi wa leo huhitaji sehemu ndogo ya sekunde, inayotanguliwa na jioni nzima ya kukaza skrubu, huku simu ikiinamisha darubini kwa uzito wake na mzunguko wa Dunia ukiusogeza Mwezi upana wake mzima kila baada ya dakika mbili.

Picha ikitoka na ukungu, jamaa humpa fundi pole. Ikitoka safi, humuuliza ameipakua wapi. Kwa sababu hiyo, fundi mwenye busara huzihifadhi zile mbovu kama ushahidi.