Sifa za Almasi Isiyochimbwa

Kuna biashara moja ambayo kila mzazi wa Katuba, Kenya na Kampemba hapa Lubumbashi anaitukana, nami naomba nafasi niisifu. Ni ile ya kuuza vidude vidogo vidogo ndani ya michezo ya video: skini, miondoko ya kucheza, masanduku ya bahati, almasi za Free Fire. Wanaoitukana hawajaitazama vizuri. Tangu kampuni ya madini ya Union Minière ianzishwe mwaka 1906, Katanga haijapata kuona biashara safi kama hii.

Tuanze na huo usafi. Ukitaka shaba ni lazima ulipue mwamba, usage mawe, uyeyushe, upakie lori, kisha lori likae foleni mpakani Kasumbalesa kabla ya kuanza safari ya Durban au Dar es Salaam. Almasi za Mbuji-Mayi nazo zinataka koleo, matope na mtu wa kuingia shimoni. Almasi za Free Fire hazitaki hata kijiko. Garena, kampuni ya Singapore, inauza 100 kwa takribani dola 1, na ikishauza, ghala lake halipungui hata punje. Ndiyo maana nchi yetu, inayouza nje almasi za kushikika, inaagiza kutoka nje almasi za kutazama. Nani aliyesema hatujui biashara ya kimataifa?

Tazama pia jinsi inavyoleta adabu mtaani. Mtoto ambaye nyumbani haitiki mpaka aitwe mara tatu, utamkuta mbele ya kijana mwenye kadi ya benki, anayemwita yaya, yaani kaka, mikono nyuma, sauti imelainika.

“Yaya, nisaidie almasi za dola moja.”

“Mama yako anajua?”

“Anajua, yaya.”

Franka zinapita kwa M-Pesa au Airtel Money, namba ya mchezaji inaandikwa tarakimu kwa tarakimu, mtoto anaikagua kuliko anavyokagua daftari la hesabu. Dakika chache baadaye askari wake wa kwenye simu amevaa koti jipya. Yeye mwenyewe bado yuko na kandambili, lakini kandambili hazionekani na wachezaji wengine.

Na hesabu anajifunza kweli. Tuseme koti linauzwa almasi 150, na fungu ni la 100. Ananunua mawili, anabaki na 50 ambazo hazitoshi kitu. Almasi 50 za bure hazikai kimya mfukoni, zinaita wenzao, na wiki ijayo mtoto yuko tena kwa yaya. Kisha kuna lile gurudumu la bahati ambalo kwanza linakuruhusu kwa ukarimu uondoe zawadi mbili usizozitaka. Mzunguko wa kwanza ni almasi chache tu. Wa pili umepanda kidogo, wa tatu zaidi, na zawadi uliyoifuata inakungoja kwa subira huko mwisho, ambako mzunguko mmoja unakula mamia. Mwalimu gani wa shule amewahi kufundisha ukokotoaji wa namna hiyo na darasa likabaki macho?

Ukoo wa biashara hii ni wa heshima. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliwauzia wachezaji wa Oblivion deraya ya farasi kwa dola 2.50. Dunia ilicheka, watu wakanunua. Mwaka 2009 Electronic Arts ikaleta Ultimate Team ndani ya FIFA, mchezo wake wa soka: unanunua pakiti iliyofungwa, unaomba Mungu, unafungua, unamkuta beki wa akiba. Kufikia mwaka wake wa fedha ulioisha Machi 2021, mtindo huo ulikuwa unaiingizia kampuni dola bilioni 1.62 kwa mwaka. Na toleo jipya linapotoka, kikosi chako hakihami nalo. Unaanza upya na beki mwingine wa akiba. Wale wanaolalamika kwamba vijana hawana moyo wa kuanza upya wakatazame saluni za PlayStation.

Wapo watakaosema almasi hizi si pesa ya kweli. Hao hawajakaa Kongo. Mababu zetu walitumia misalaba ya shaba, pesa ambayo ingekuangukia mguuni ungejua. Tukaja kwenye noti. Desemba 1979, siku ya Krismasi, Mobutu akatangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 si pesa tena, watu wakapewa siku chache za kubadilisha. Mwaka 1993 zaire milioni tatu zikawa zaire mpya moja, na Kasai wakaikataa kabisa. Ukilinganisha na hayo, mchezo unaofungwa na kuzimika pamoja na almasi zako una ustaarabu: haukupangi foleni benki.

Hata serikali yetu ilijaribu kuiga. Mwaka 2020 ikaleta RAM, kodi ya simu iliyokatwa kidogo kidogo kila ulipoweka unite, yaani salio. Wananchi wakapiga kelele, na mwaka 2022 ikafutwa. Kosa la RAM halikuwa kukata. Kosa lilikuwa kukata bila kumpa mtu hata kofia ya kuvaa kwenye gemu.

Wabelgiji, kwa upande wao, waliogopa. Mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha iliamua kwamba masanduku ya bahati ya kulipia ni kamari, na mapema 2019 Electronic Arts ikaacha kuuza pointi za FIFA, zile za kununulia pakiti, nchini humo. Wenzetu hao walioshika mgodi wetu kwa miongo wakawanyima watoto wao shimo dogo la kuchimba. Mtoto wa Lubumbashi hajanyimwa. Yeye yuko huru.

Jambo moja tu linanitia aibu kwa niaba ya mji huu. Desemba 2010, Abu Dhabi, TP Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazili 2-0 katika Kombe la Dunia la Klabu, kipa Robert Kidiaba alikaa chini akarukaruka kwa makalio, dunia nzima ikatazama. Bure! Mwondoko kama ule leo ungewekwa dukani kwa siku saba tu, na saa ya kuhesabu kurudi nyuma pembeni yake.

Lakini tunajifunza. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, na Oktoba ikaweka viwango vya kila kampuni: hiyo tayari ni bidhaa ya toleo maalumu. Zimebaki hatua chache. Kobalti iuzwe kwa mafungu yasiyolingana na mahitaji ya kiwanda chochote. Iwekwe kwenye masanduku yaliyofungwa, mengine yawe na madini, mengine vumbi jekundu la Kolwezi. Na mkataba useme, kwa herufi ndogo ambazo hakuna mtu atakayezisoma, kwamba mnunuzi hajanunua kobalti bali ruhusa ya kuitumia, na mwaka ukiisha inarudi Katanga. Wakilalamika, tuwape kofia.