Shairi au Wimbo: Nani Mbabe wa Moyo? Tunahesabu Kutoka Mkiani

Ukitaka kukosana na mtu Kahama bila kugusa bei ya dhahabu wala ya pamba, muulize hivi: kipi kinabeba hisia zaidi, shairi au wimbo? Nafasi nimeshazipanga. Someni kwanza, ndipo mbishe.

6. Shairi la darasani. Mizani 16 kila mshororo, vina vya kati, vina vya mwisho. Mtihani unauliza ni bahari gani. Hauulizi mshairi alikuwa anaumia wapi. Hukumu: limeonewa. Nani analia huku anahesabu silabi?

5. Shairi huru. Euphrase Kezilahabi, jirani yetu wa Ukerewe, alitoa *Kichomi* mwaka 1974 bila kujali vina, wanamapokeo wakamjia juu. Mimi nasimama naye: uchungu hauji na vina. Lisome usiku peke yako, umeme umekatika, litakukaba kooni. Lakini lipeleke ukumbini siku ya harusi, uone kama kuna shangazi atakayenyanyuka kutunza.

4. Saida Karoli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliimba Kihaya, na nchi nzima ikaitikia, wengi wetu bila kuelewa neno. Shairi la lugha usiyoijua ungelisikiliza kwa adabu tu. Wimbo bao moja, shairi bila.

3. Bugobogobo. Wakulima wa Kisukuma, ngoma inalia, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo. Hukumu fupi: hakuna utenzi uliowahi kulima ekari.

2. Taarab. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Najua wapenzi wa ushairi mmeshasimama: "Lakini maneno ya taarab ni mashairi!" Kweli kabisa. Ila kumbukeni nani aliandika wasifu wa nani. Shaaban Robert, jabali lenyewe la ushairi, alikaa chini akaandika maisha ya Siti. Haya, nitajieni mwimbaji aliyeandika kitabu cha maisha ya mshairi. Nasubiri.

1. Bagika na Bagalu. Tangu karne ya 19 jamii hizi mbili za ngoma za Wasukuma zinashindana, na msimu wake ni baada ya mavuno. Pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Manju anajisifu, anamchoma mpinzani, anawalilia waliokufa, na watu wanahama huku wakienda kule. Ngoma zipo pande zote, vituko vipo pande zote, hata chatu huletwa. Kinachomvuta mtu aache upande alioupenda ni maneno, na maneno yale kayatunga manju kichwani kabla ngoma haijapigwa. Kwa hiyo wimbo naupa kombe, kwa sharti moja: manju aandikwe kwenye daftari la washairi, tena juu kabisa.

Unabisha? Mavuno yakiisha njoo uwanjani na diwani yako, simama upande wa pili, usome kwa sauti. Tutahesabu vichwa.