Subaru ya Otokrosi na Maandazi ya Mama Mkwe

Baba watoto alipotangaza mezani kwamba Subaru yetu itaingia otokrosi, mama mkwe aliuliza swali moja tu: "Na kanisani tutaendaje, mwanangu?"

Hakujibiwa. Alisimuliwa habari za Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia, akashinda tena 1974 na 1976. Nakuru hapa, ambapo rali ikija Naivasha watu hufunga maduka wakaangalie, hoja hiyo ilitosha. Viti vya nyuma viling'olewa vikahamia sebuleni, na mama akawa wa kwanza kuvikalia.

Nami sikupinga, maana otokrosi ndiyo mlango mwafaka wa kuingilia mchezo huu. Uwanja ni wa vumbi, mzunguko ni mfupi, dereva hushindana na saa wala hahitaji msoma ramani. Magari hupangwa kwa madaraja, kulingana na injini na kama yanasukumwa na magurudumu mawili au manne. Hata watoto wana vigari vyao. Nilichopinga ni mabomba.

Gari la mbio huhitaji rolikeji, fremu ya chuma inayozuia paa lisimponde dereva gari likibingirika. Kanuni za rali za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka upinde wake mkuu uwe wa bomba lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2. Fundi wa mtaani, hodari wa mageti, alikuja na mabomba ya mageti.

"Mama, bomba hili linabeba geti la kiwanda," aliniambia.

"Geti halibingiriki na mtu ndani," nikamjibu.

Baba watoto alimsikiliza fundi, na pesa za tangi la maji zikaenda. Siku ya ukaguzi, mkaguzi alipima bomba, akapapasa mshono, akatikisa kichwa. Gari likarudi nyumbani kukatwa chuma chote, nasi Jumapili tukapanda matatu, mama akiwa mbele kabisa na Biblia yake.

Rolikeji ya pili ilikuwa ya chuma halali. Usiku wa kuamkia mbio, mama akakaanga maandazi ya kubeba uwanjani. Mafuta yakashika moto. Wifi yangu alikwisha kuchota maji, mama akamdaka mkono: maji yakimwagwa kwenye mafuta yanayowaka huurusha moto hadi darini. Nilifunga gesi. Baba watoto akakimbilia garini, akafungua mikanda ya chuma, akaja na mtungi wa kuzimia moto. Moto ulikufa papo hapo. Poda ikafunika kabati, dari, kinyunga na maandazi yote.

Mtungi uliokwisha kufyatuliwa haufai tena mpaka ujazwe na kukaguliwa, na usiku ule hapakuwa na pa kuujaza. Asubuhi, gari lililokamilika kwa kila kitu kingine lilibaki uani, nasi tukashinda tukisugua kuta.

Hakuna aliyenung'unika. Mama alitoa pesa zake za chama akanunua mtungi wa jikoni, akaamuru utundikwe karibu na mlango, mbali na jiko. Raundi iliyofuata baba watoto alikimbia mizunguko yake yote. Hakupata kombe, lakini alirudi mzima na gari likarudi zima, na watoto walipiga kelele mpaka sauti zikakauka.

Wewe unayetamani kuanza, jiunge na klabu, ujitolee kwanza kusimamia njia siku ya mashindano. Pale utajifunza mengi bila kuuza kitu. Nunua kofia, mikanda na mtungi kabla ya kugusa injini. Chuma kipimwe kabla ya kuchomelewa. Na gari linalopeleka familia kanisani, liache na viti vyake.