Kapu, Kinanda na Nota za Bure

Jumapili jioni, chumba cha kwaya, parokia moja ya Mwanza. Wanakwaya wamekwenda na vitenge vyao vipya. Kompyuta Mpakato amesahauliwa mezani.

KOMPYUTA: Shikamoo, Mzee Kinanda.

KINANDA: Marahaba. Mbona feni yako inaunguruma hivyo?

KOMPYUTA: Nina msiba. Finale imekufa.

KAPU LA SADAKA: Poleni sana. Alikuwa wa jumuiya gani?

KOMPYUTA: Si muumini, Mama Kapu. Ni programu ya kuandikia nota. Ilitoka Marekani mwaka 1988. Tarehe 26 Agosti 2024 wenyewe, MakeMusic, wakatangaza kwamba hawaiendelezi tena. Misa zote za mwalimu zimo humo, pamoja na zile nyimbo za Krismasi anazozigusa kidogo kila mwaka na kuziita mpya.

KINANDA: Jana si uliifungua?

KOMPYUTA: Inafunguka bado. Nikibadilishiwa mfumo endeshi, sijui. Wateja wao walipewa pa kukimbilia mwaka huo wa 2024: Dorico ya Steinberg, kwa dola 149.

KAPU: Basi mwalimu awahi hilo punguzo, kama bado lipo.

KOMPYUTA: Lilikuwa la aliyeinunua Finale.

KAPU: Kwani yeye...?

KINANDA: Alipewa kwenye flashi na mwalimu wa kwaya ya jirani. Huyo naye alipewa kwenye flashi.

KAPU: Ndani ya nyumba ya Mungu!

KINANDA: Taratibu, mama. Wewe mwenyewe juzi ulirudi na vifungo viwili vya shati.

KOMPYUTA: Za bure na halali zipo. MuseScore ilianzishwa na Mjerumani, Werner Schweer, mwaka 2002. LilyPond ni ya Waholanzi wawili, tangu 1996. Hiyo hubofyi nota, unaiandikia maelezo kwa herufi, nayo inakutolea kurasa zilizopangika vizuri kweli. Mwalimu aliifungua, akauliza kama ni wimbo au mtihani wa aljebra.

KAPU: Za bure! Msiba umekwisha, tutandue mikeka.

KOMPYUTA: Ni bure kwako. Aliyekesha ili silabi zisirundikane chini ya nota anakula nini?

KAPU: Watu si watatoa? Mimi nawajua. Nipitishe safu ya mbele, jirani akikodoa macho, noti zinatoka zenyewe. Nipitishe nyuma ya nguzo, naambulia sarafu.

KOMPYUTA: Wasanidi wote wako nyuma ya nguzo. Kwenye LilyPond yuko mmoja aliyeishi miaka kadhaa kwa michango ya watumiaji. Mmoja tu, na programu inatumika dunia nzima.

KINANDA: Na MuseScore?

KOMPYUTA: Mwaka 2018 ilichukuliwa na kampuni, Ultimate Guitar. Wasanidi wakapata mishahara, toleo la 4 likatoka Desemba 2022 na sauti tamu. Waliokuwa hawajawahi kutoa hata senti wakalalamika kwamba programu yao imeuzwa.

KINANDA: Wana haki ya kuogopa. Avid wana programu nyingine ya nota, Sibelius. Mwaka 2012 wakafunga ofisi ya London iliyokuwa na watu walioijua kwa undani. Steinberg wakawaokota, ndio walioleta Dorico mwaka 2016.

KOMPYUTA: Tofauti iko kwenye leseni. Mwenye MuseScore akifunga mlango leo, msimbo umeshatoka nje. Yeyote anaweza kuuendeleza.

KAPU: Yeyote ndiye nani?

KOMPYUTA: Hapo sasa. Tunamtaka mtu anayeijua C++, na anayejua pia kwa nini shina la nota iliyo juu ya mstari wa kati huelekea chini. Wenye kimoja ni wengi. Wenye vyote viwili wana ajira nzuri mahali pengine.

KINANDA: Na do-re-mi ya herufi? Besi wetu wote wanasoma hiyo, ya Curwen wa Uingereza. Msanidi hutengeneza kwanza kinachomkera yeye, na sidhani kama kuna Mjerumani anayekosa usingizi kwa ajili ya besi wa Mwanza.

KAPU: Basi awe wa kwetu. Yule kijana wa besi anayefanya kazi ya kompyuta benki?

KINANDA: Alijitolea. Paroko akasikia anajua kompyuta, akampa printa atengeneze. Kisha projekta. Kisha simu ya katibu wa akina mama wa WAWATA. Siku hizi anasali parokia nyingine.

KAPU: Nizunguke mimi, basi. Kila mwanakwaya elfu mbili tu kwa mwezi.

KOMPYUTA: Kwa vitenge walitoa elfu arobaini na tano kila mmoja, hakuna aliyeguna.

KAPU: Kitenge kinaonekana kwenye video. Msanidi je?

KINANDA: Kuzunguka huwezi bila kamati, mama. Mwenyekiti, mhazini, katibu. Kikao cha kwanza kipitishe bajeti ya kikao cha pili. Soda, sambusa, nauli za wajumbe.

KAPU: Na wasanidi watabakiwa na nini?

KINANDA: Barua ya shukrani, yenye mhuri wa parokia.

KOMPYUTA: Hiyo itachapwa kwangu. Programu ya barua nayo ilikuja na flashi ileile.