Uainishaji wa Ukimya Baina ya Redio Mbili

Elimu ya ukimya wa redio ingali changa, na kama elimu zote changa, ina madhehebu mengi kuliko waumini. Inachunguza tukio moja tu. Redio mbili zinazoendeshwa na programu zimewekwa juu ya meza moja: HackRF One inarusha, kijiti cha RTL-SDR kinapokea, na neno "habari" halifiki. Kijiti hichohicho hunasa mawimbi ya ndege iliyo zaidi ya kilomita 100, lakini jirani yake wa mezani hamsikii.

Jamii ya kwanza ni Ukimya wa Anwani. Kijiti kilibuniwa kwa ajili ya televisheni ya kidijitali, na mwaka 2012 ndipo wadadisi walipotangaza kuwa chipu yake, RTL2832U, inaweza kutoa sampuli ghafi za mawimbi. Aliyekiunda kijiti hakukusudia kristali yake iwe saa ya maabara. Ikikosea sehemu 50 tu katika milioni, kwenye masafa ya 433.92 MHz utakuwa umepotea kwa takriban kHz 21.7, na kosa lenyewe huhama kadiri kijiti kinavyopata joto. Masafa hayo, isitoshe, ndiyo makazi ya rimoti nyingi za magari. Anayeshangilia ujumbe wake wa kwanza athibitishe kwamba hakuna jirani aliyekuwa akifungua gari.

Ndani ya jamii hii yumo Mwiba wa Katikati, mstari mrefu unaosimama katikati ya kioo hata antena ikichomolewa. Wanagenzi humpenda sana. Badili masafa: akikufuata, ni wa kifaa chenyewe. Dawa yake ni kutega kando kidogo ya masafa unayoyataka.

Jamii ya pili, Ukimya wa Makelele, ndiyo yenye wahanga wengi, maana husababishwa na bidii. Fundi asiposikia kitu huongeza ukuzaji. Asiposikia tena, huongeza tena. Kijiti kina biti 8, yaani ngazi 256 za kupimia wimbi. Zikijaa, kilele cha wimbi hukatwa, na kioo huota ishara za uongo ambazo hakuna aliyezirusha. Kwa redio zilizo meza moja, tiba ya kwanza ni kupunguza nguvu pande zote mbili. Wapo wanaoamua kuunganisha HackRF mbili kwa waya, bila kipunguza nguvu katikati. Upande wa kurusha unaweza kutoa hadi dBm 15. Upande wa kupokea usipewe zaidi ya dBm −5. Hapo ukimya huhamia jamii nyingine, ile ya kudumu, ambayo hutibiwa dukani.

Ya tatu ni Ukimya wa Hesabu. Mrushaji anatoa sampuli 2,000,000 kwa sekunde na kutumia sampuli 100 kwa kila alama, hivyo alama 20,000 kwa sekunde. Mpokeaji anafanya kazi kwa sampuli 2,400,000, kwa hiyo alama moja ni sampuli 120. Lakini yeye ameinakili ile 100, kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri. Kwenye redio za USRP kuna dalili nyingine: herufi O zinazojipanga kwenye kioo, kila moja ikisema kwamba kompyuta imezidiwa na sampuli zimemwagika.

Ya nne wanazuoni wanaikana, kwa kuwa si ukimya. Ujumbe umefika, ila umepinduka. Katika BPSK, ambamo biti hubebwa kwa kupindua wimbi, kipokezi hakiwezi kujua chenyewe upande upi wa wimbi ni 0 na upi ni 1, hivyo mara nyingine husoma kila biti kinyume, na ukaguzi wa mwisho huitupa paketi nzima bila hata kuomba radhi. Usimbaji wa tofauti, unaopeleka mabadiliko ya alama badala ya alama yenyewe, humaliza ugomvi huo. Pia biti za mwanzo huliwa wakati kipokezi kinatafuta mapigo ya mrushaji. Tanguliza za kutolewa sadaka.

Swali la jamii ipi lina jibu rahisi ambalo madhehebu yote hulikwepa. Ondoa redio zote mbili. Unganisha programu ya kurusha na ya kupokea ndani ya kompyuta moja, sampuli zipite moja kwa moja. "Habari" ikikosa kufika hapo, antena haina hatia, kristali haina hatia, nawe huna sababu ya kununua kijiti kingine.