Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza Kuhusu Marehemu wa Keya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi,
Serikali ya Mfalme, Whitehall, London.

KUH: KUREKEBISHWA KWA KUMBUKUMBU ZA MAREHEMU ASKARI WA KEYA ILI NISHANI WALIZOSTAHILI ZIINGIE

Mheshimiwa,

Kwanza nikuondolee wasiwasi: mimi si mdai. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyepigana katika King's African Rifles, jeshi ambalo huku tuliliita Keya. Chifu alipopita kutafuta vijana, wazee wetu walikuwa wameshapanda mlimani na mbuzi wao, na hawakushuka mpaka walipohakikishiwa kwamba Hitler amekufa. Kwa hiyo sidai nishani, wala jalada, wala kiinua mgongo. Naandika kama jirani tu. Majirani zetu hawakuwa wepesi wa miguu kama sisi, na leo wajukuu wao ndio wanaohangaika na karatasi.

Nianze na hongera. Mwanzoni mwa Novemba 2023 Mfalme Charles alifika makaburi ya Kariokor akawakabidhi wazee wachache wa Keya nishani mpya badala ya zile zilizopotea. Mmoja wao alitajwa kuwa na umri wa miaka 117. Picha zilipendeza sana. Tangu siku hiyo utaratibu umeeleweka hata vijijini: askari anayetaka nishani yake irudi anatakiwa apitishe miaka mia, awe bado na nguvu za kusafiri hadi Nairobi, na siku hiyo Mfalme awe na ziara. Waliofariki wakiwa na miaka 80 wamejiponza kwa haraka yao.

Kwa hao wenye haraka wizara yako imeweka masharti, nami nimeyasoma kwa heshima inayostahili. Nishani haibadilishwi hivi hivi. Sharti iwe imeibiwa au imeharibiwa, kwa mfano na moto au mafuriko, na mwombaji alete ripoti ya polisi, au ithibati kwamba kampuni ya bima ilimlipa fidia na vitu vyenyewe vikaorodheshwa kimoja kimoja. Ni masharti ya busara kabisa kwa mtu aliyevunjiwa nyumba Surrey. Sasa naomba twende nayo Nyeri, mwaka 1953.

Askari wa zamani ana Nyota ya Burma ndani ya sanduku la bati. Usiku wanakuja watu wa msituni, yaani Mau Mau, ambao mtu mwenye nishani ya Mfalme kwao ni msaliti, ingawa mmoja wa viongozi wao, Waruhiu Itote aliyejulikana kama Jenerali China, alipigana Burma akiwa Keya vilevile. Mchana wanakuja homguadi wa serikali ya kikoloni, ambao kwao kila mtu ni wa msituni mpaka athibitishe vingine. Mzee akapima mambo, akaitumbukiza nyota katika choo cha shimo. Wizara inauliza: ripoti ya polisi iko wapi? Mheshimiwa, angefika kituoni na kusema, "Afande, nimeitupa nishani ya Mfalme nisije nikachinjwa," afande angemwandika bila shaka, lakini katika daftari jingine. Na ile bima? Ningependa kuijua kampuni iliyokuwa tayari mwaka huo kukatia bima nyumba ya nyasi ambayo ingeweza kuchomwa na pande mbili katika wiki moja.

Hao angalau waliishika. Wapo ambao hawakuiona kabisa, maana nishani nyingi ziligawiwa vita vikiwa vimekwisha na wenyewe wakiwa wametawanyika mashambani. Tuseme marehemu ni Kioko mwana wa Musyoka, wa Machakos. Simjui, nimemtunga kwa ajili ya barua hii, ila Ukambani kulikuwa na vijana kama yeye wa kutosha kujaza batalioni. Tuseme alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya kule, matope hadi magotini na malaria ikiangusha watu sambamba na Wajapani, mpaka ikaifikia Kalewa mwezi Desemba na kufungua njia ya kuvuka mto Chindwin. Kwa kanuni zenu wenyewe, askari aliyekuwa vitani Burma kati ya Desemba 11, 1941 na Septemba 2, 1945 anastahili Nyota ya Burma. Kanuni haisemi kwamba lazima mjukuu wake awe mpelelezi.

Lakini ndiko tulikofika. Mjukuu atafute namba ya babu ya jeshi. Atafute batalioni. Aeleze jina lilivyoandikwa, na jina liliandikwa na karani kama alivyolisikia, kwa masikio ya Yorkshire, kwa hiyo Musyoka wa Machakos anaweza kuwa amelala kwa namna nne tofauti katika makabati manne tofauti. Athibitishe tarehe ya kuzaliwa ya mtu aliyezaliwa wakati ambapo sheria ya koloni haikuona haja ya Mwafrika kuwa na cheti cha kuzaliwa. Nyumbani wanajua alizaliwa mwaka wa njaa. Hilo nalo halitoshi, kwani njaa za Ukambani zilikuwa nyingi na kila moja ina jina lake.

Kinachonishangaza, Mheshimiwa, ni kwamba serikali hiyohiyo haikuwahi kushindwa kumpata Kioko ilipokuwa inamtaka. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, na Vita vya Kwanza vilipokwisha ikaanza kutekelezwa barabara. Mwanaume Mwafrika aliyekwisha kuwa mtu mzima alichukuliwa alama za vidole, akapewa kipande, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kipande kilisema yeye ni nani, anatoka wapi, ni kabila gani, nani amemwajiri, kwa mshahara gani, alianza kazi lini na aliruhusiwa kuondoka lini. Kibarua akitoroka shamba la mzungu, taarifa ilipelekwa Nairobi, daftari likafunuliwa, na baada ya muda askari kanzu wanapiga hodi kwa mama yake. Hapakuwa na kompyuta. Barabara zilikuwa za vumbi. Kodi nayo ilihesabiwa kwa nyumba, kwa hiyo karani wa Bwana DC alijua Kioko ana nyumba ngapi na, kwa hesabu nyepesi, wake wangapi. Mtu ambaye serikali ilijua idadi ya wake zake, leo serikali inamwomba mjukuu aisaidie kujua kama aliwahi kuwepo.

Huenda utaniambia majalada hayapo. Ningekubali mara moja, isipokuwa nimewahi kulisikia jibu hilo. Wazee wa Mau Mau walipokwenda mahakamani London kudai fidia ya mateso, mwaka 2011 ikabainika kwamba Hanslope Park, huko Buckinghamshire, kuna majalada takriban 8,800 kutoka makoloni 37, yaliyohamishwa wakati bendera zinashushwa. Yalikuwa hayapo kwa karibu nusu karne, mpaka mawakili walipouliza vizuri. Mengine, ni kweli, yaliteketezwa, na maelekezo ya wakati ule yalikuwa makini hata kuhusu majivu: yapondwepondwe. Ya kuzamisha yafungwe katika makasha mazito, yatupwe kwenye kina kirefu. Sisemi majalada ya askari wa kawaida yalikuwamo. Nasema tu kwamba masharti yenu ya nishani yanakubali moto kuwa sababu halali, na hayasemi moto uwe umewashwa na nani.

Wamarekani nao waliunguliwa. Julai 12, 1973 moto ulizuka katika hifadhi ya majalada ya wanajeshi mjini St. Louis, ukala majalada kati ya milioni 16 na milioni 18. Wangeweza kufunga mlango na kuwaambia wajane waende salama. Badala yake mpaka leo makarani wao hupekua vitabu vya mishahara na orodha za vikosi ili kuunga upya yaliyoungua. Waverly Woodson, mganga wa kijeshi Mmarekani mweusi ambaye jalada lake nalo liliungua, aliwatibu majeruhi kwenye ufukwe wa Omaha Juni 6, 1944, yeye mwenyewe akiwa amejeruhiwa. Alifariki mwaka 2005. Mwaka 2024 akatunukiwa Distinguished Service Cross, nishani ya ushujaa ya pili kwa ukubwa katika jeshi lao. Sina nia ya kuwasifu. Miaka 80 ni mingi, na ilibidi familia, waandishi na wabunge wapige kelele hadi koo zikauke. Ila jivu halikukubaliwa kuwa jibu la mwisho.

Wala ninyi si wageni wa kazi hii. Sajini Nigel Leakey wa Keya, mtoto wa walowezi wa Kenya, aliparamia vifaru vya Waitaliano karibu na Colito, Ethiopia, Mei 1941, akauawa, na mwili wake haukuonekana. Novemba 1945 mkamtangazia Msalaba wa Victoria. Alistahili, na sitamchongea marehemu. Namtaja kwa sababu ni ushahidi kwamba mtu anaweza kufa, akakosa hata kaburi, na bado kumbukumbu zake zikanyooshwa na London bila mjukuu kujaza chochote. Askari mweusi wa Afrika aliyeupata msalaba huo katika vita vile hayupo hata mmoja. Yawezekana wote walikuwa waoga, wakaifikia Chindwin kwa bahati tu.

Tuwe wa haki: ushujaa wao haukupuuzwa, uliwekewa mlango wake. Hadi mwaka 1942 askari Mwafrika wa Keya aliyefanya jambo kubwa alipewa Distinguished Conduct Medal ya Kiafrika, isichanganyike na ile ya Waingereza. Malipo ya kuachishwa jeshi nayo yalipangwa kwa utaratibu huohuo. Hati zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba Mwafrika aliweza kupewa kama theluthi moja tu ya alichopewa mzungu wa cheo kilekile. Halafu kuna nyota zenyewe. Nishani za Vita vya Kwanza mlizichonga jina ukingoni. Hizi za Vita vya Pili mlizitoa tupu, kwa hiyo hata mjukuu aliyebahatika kuikuta Nyota ya Burma kwenye sanduku la babu hana namna ya kuonyesha kwamba ni ya babu na haikununuliwa sokoni Gikomba.

Vita vya Kwanza nitavipita haraka, maana hapo aibu imezidi kejeli. Wapagazi waliokufa wakibeba risasi na unga wenu Tanganyika hawakuandikwa majina, na gavana wa huko alipoulizwa kuhusu makaburi yao mapana alishauri yaachwe yarudi msituni upesi, na hakupenda kuziangalia takwimu za waliokufa. Kati ya sera zote za kikoloni, hiyo ndiyo iliyotekelezwa kikamilifu. Mtangulizi wako aliomba radhi bungeni Aprili 2021, baada ya ripoti ya tume yenu ya makaburi kukadiria kwamba watu 116,000 kwa uchache, na labda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Radhi tuliipokea. Wajukuu wanauliza kama inaambatana na fomu.

Kwa kuwa wizara yako inapenda fomu, nimekuandalia moja, nayo unaijaza wewe. Sehemu ya kwanza: andika jina la ofisi iliyomsajili Kioko, na ueleze namba yake ilikuwa inaonekana wazi siku ya kumkata mshahara lakini haionekani siku ya kumpa nishani kwa sababu gani. Sehemu ya pili: orodhesha vitabu vya mishahara, orodha za batalioni na za meli zilizowavusha askari hadi Ceylon, ukieleza kila kimoja kiko chumba gani na nani ana ufunguo. Usisahau Khedive Ismail, iliyozamishwa Februari 12, 1944 na kuua karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya hao mliyapata, tena mkayachonga kwenye ukuta wa makaburi ya vita hapa Nairobi, kwa hiyo njia za kuzipata orodha mnazijua. Sehemu ya tatu: pale jina lilipoandikwa kimakosa, wizara ilete barua ya chifu kuthibitisha kwamba karani alikuwa anasikia vizuri. Sehemu ya nne: pale jalada lilipopotea, wizara ilete ripoti ya polisi, au ithibati ya kampuni ya bima.

Mpaka fomu hiyo irudi ikiwa imejazwa, naomba neno la wazee wawili wa kijiji waliomwona Kioko akiondoka na gwanda mwaka 1942 na kurudi mwaka 1946 akijua nyimbo za Kihindi lichukuliwe kuwa kweli, na asiyekubali ndiye alete ushahidi. Wazee hao wanazidi kupungua, kwa hiyo ningeshauri mjibu kwa haraka kidogo kuliko mlivyozoea.

Fomu isiyojazwa kikamilifu itarudishwa Whitehall, na mwombaji ataanza upya.

Wako asiyedai chochote,

Jirani wa Keya,
Nairobi.

Nakala: Serikali ya Kenya, kwa taarifa tu, isije ikaunda tume.