Muulize Mwaitu: Makaroni Wakati wa Baridi

Mwaitu,
Julai mwaka jana niliwaandalia wakwe saladi ya makaroni. Niliilaza kwenye friji usiku kucha ili ikolee. Wiki nzima Masii ilikuwa manyunyu tu, jua hatukuliona. Wageni walionja kijiko kimoja kimoja, wakarudi kwenye chai. Mwaka huu wanakuja tena. Niombe mawingu yaondoke?
— Mkaza Mwana, Masii

Mwanangu, mbaazi ikikosa maua husingizia jua. Wewe umesingizia kukosekana kwake. Makaroni yakilala kwenye friji, wanga wake hukakamaa. Nani kakwambia saladi lazima iwe baridi? Chuja makaroni, usiyasuuze kwa maji baridi. Yakiwa bado yanatoa mvuke, yamwagie mafuta, maji ya limau, kitunguu saumu kilichopondwa na chumvi, kisha geuza. Yakiwa moto hunywa ladha hadi ndani. Yakipoa, ladha hubaki juu juu tu. Andaa yakiwa vuguvugu. Na bakuli la bati liache kabatini, linaiba joto. Wamunyu si mbali, na uchongaji wake ni sifa ya eneo hili tangu Mutisya Munge alipoanza kazi hiyo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nunua bakuli la mti.

Mwaitu,
Mke wangu ametangaza kwamba wageni wa Jumapili watakula saladi. Ndugu zangu wanatoka Mwala, wamezoea vyakula vya mahindi, isyo na muthokoi. Niwanunulie mkate wa kuficha?
— Baba Mwenye Wasiwasi

Baba, rudisha mkate dukani. Makaroni ni mgeni hapa Ukambani. Mwenyeji wake awe nzuu, hizo mbaazi mbichi zinazopatikana sokoni msimu huu wa baridi. Kwa watu wanane, tumia makaroni gramu 500 na vikombe vitatu vya mbaazi zilizomenywa, zikachemshwa hadi zilainike. Kuku wa kienyeji mmoja achemshwe kwa subira, maana huyo haivi kwa haraka, kisha achambuliwe. Ongeza karoti, hoho na dhania. Mwishoni nyunyiza upawa mmoja wa supu ya kuku ikiwa moto. Parachichi likatwe wageni wakiwa wameshanawa.

Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti usiziamini sana. Masii iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na huku maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Ongeza dakika mbili tatu huku ukionja. Ndugu yako akiuliza baada ya hapo chakula kiko wapi, mpeleke hospitali.

Mwaitu,
Mjukuu wangu anasema Ulaya tambi huota mtini, na picha anazo kwenye simu. Nimelima miaka yote hii. Mbona sijaletewa mbegu?
— Susu Mkulima

Susu, heshima yako. Mjukuu hajasema uongo kuhusu picha. Kilichodanganya ni picha zenyewe. Tarehe 1 Aprili 1957, kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha familia ya Uswisi ikichuma tambi mtini. Ulikuwa mzaha wa Siku ya Wajinga, lakini watazamaji walipiga simu kuuliza namna ya kupanda. Tambi ni unga wa ngano tu, uliokandwa na kukaushwa. Wewe endelea na mbaazi zako: mizizi yake huyafuata maji chini sana, na majani yakianguka hurutubisha shamba. Muuzie mjukuu debe moja, apate adabu na pesa ibaki nyumbani.

Mwaitu,
Ninapeleka ntheo, mbuzi wa posa, mwezi ujao. Mbuzi wamepanda bei mno. Je, saladi ya makaroni, nzito, yenye kuku, haiwezi kusimama badala ya mbuzi mmoja?
— Bwana Harusi Mtarajiwa

Kijana, saladi ipike, tena nyingi, na iwekwe kando ya nyama. Akina mama wataisifu. Ila ntheo ni mbuzi watatu, na wazee wanaokungoja huko hawahesabu sahani, wanahesabu miguu. Miguu kumi na miwili. Huyo kuku wako ana miwili, tena umeshamchemsha.